Betri Iliyoingia Mfukoni mwa Kapteni

Jumanne, 10 Machi

...ndiyo hivyo, alikimbia kuliko wote. Jana niliishia hapo kwa sababu mteja aliingia kutaka suruali ipunguzwe kiuno, na kiuno chenyewe hana. Sasa naendelea. Ndege ilianguka kule mwisho wa uwanja, puu! Na Kapteni, na tumbo lake lile, alitimua mbio kama kuku aliyeona bakuli. Wenzake walipofika alikuwa ameshachomoa betri na kuitia mfukoni. "Msisogee! Betri ya lithiamu ikigongwa inaweza kuwaka!" Ni kweli inaweza, hata mume wangu anasema. Lakini tangu lini Kapteni akawaogopea wenzake moto?

Ngoja nieleze vizuri maana nikichangamka naruka mambo. Hizi ni ndege za rimoti, mabawa yake upana wa mikono yangu nikiikunjua. Wanaume wa mtaa huu wana chama, Jumapili wanarusha kwenye uwanja ulio nyuma ya maghala. Mume wangu, Fundi, anatengeneza feni na pampu za maji ili tule, lakini roho yake iko kwenye ndege. Yeye anajenga, mimi navalisha mabawa ile plastiki ya rangi kwa pasi yangu ya kushonea. Hii aliyoiangusha Kapteni tuliijenga sisi wawili. Kapteni mwenyewe anauza rangi za nyumba, ndege ya kweli hajawahi hata kuigusa tairi. Jina la Kapteni alijipa.

Sasa sheria ya chama chao. Ndege ikianguka wanapiga kura, kosa la rubani au kosa la fundi. Mwenye kosa, propela iliyovunjika inapigiliwa msumari kwenye ukuta wa banda lao, na chini yake kibati chenye jina lake. Na aliye ukutani haruhusiwi kumjengea mwanachama yeyote mpaka kikao kimtoe. Basi wakaokota mabaki, Mwenyekiti akachomeka betri yake mwenyewe kupima. Kila kitu kikacheza, mkia, mabawa, vyote. "Umeme mzima," Kapteni akasema, "basi mwili ndio mbovu." Mikono ikanyooka. Mwenyekiti peke yake hakunyoosha, lakini mwenyekiti asiyenyoosha mkono ni sawa na kiti.

Mume wangu yuko ukutani kama picha ya marehemu.

Mimi naapa hapa na sindano mkononi. Nataka jina la Kapteni pale, na nyundo aishike yeye.

Jumatano, 11 Machi

Mvua. Nimeshona mapazia. Nimemchukia Kapteni.

Jumamosi, 14 Machi

Mvua imeacha kidogo, Kapteni akapita. Hapiti kwa sababu ana safari, anapita kwa sababu mlango wangu uko wazi.

"Mama Vifungo! Mambo ya gundi vipi humo ndani?"

"Gundi ipo, Kapteni. Unataka nikugandishe nini, mdomo?"

Akacheka. Wateja wangu wawili nao wakacheka, nikawatolea macho. Akasema kwa sauti ya dukani, "Mwambie Fundi asijali, kujenga kibanda cha kuku nako ni ujenzi." Halafu akaondoka na mwavuli wake wa matangazo ya rangi.

Fundi alikuwa chumba cha nyuma, amesikia. Nikaenda. Amekaa mbele ya pampu ya mtu, bisibisi mkononi, pampu haijafunguliwa. Nikamwambia nitamkata yule mtu kola. Akasema, "Mama watoto, acha." Acha! Mtu amemwagiwa maji machafu anasema acha, eti yatakauka.

Jumatatu, 16 Machi

Mvua. Supu imeungua.

Jumanne, 24 Machi

Wiki nzima hajashika kisu cha kukatia mbao. Jamaa mmoja wa chama, mwenye duka la vioo, alikuwa amemwagiza ndege, amekuja kuomba msamaha mlangoni, kofia mkononi, anasema sheria ni sheria, ataipeleka kwingine. Fundi akamwambia hamna shida. Alipoondoka Fundi akalala mchana, na mimi tangu anioe sijamwona huyu mtu amelala mchana akiwa hana homa.

Jioni nikamtupia mabaki ya ndege mezani. Nikasema, "Kama mbovu ni mwili, nionyeshe ubovu wake. Mabawa nilivalisha mimi. Basi na mimi niko ukutani."

Hapo akaamka. Akashika kipande cha bawa akakigeuzageuza, akasema pole pole, "Hapa palivunjika kwa kugonga chini. Vipande havikuachana angani." Halafu akatoa kidude kimoja kidogo cheusi chenye waya, kama kifungo cha koti kilichoota miguu. Regyuleta.

Nilimuuliza kazi yake ingawa nimeshaambiwa mara nyingi, mwanaume akieleza anapata nguvu. Akasema ndani ya ndege kuna risiva, ndiyo masikio ya ndege, inasikia rimoti. Na kuna vimota vinne vinavyovuta mkia na mabawa. Hivyo vyote vinataka volti tano tu. Betri inatoa zaidi ya hapo kwa sababu inaendesha propela. Basi regyuleta inakaa katikati kupunguza.

"Inapunguza vipi?"

"Hii ya aina hii inamwaga. Umeletewa ndoo, mgeni ana kikombe. Unajaza kikombe, kinachobaki unamwaga chini. Kinachomwagwa ndicho joto. Betri niliyomchagulia Kapteni ni ya seli mbili, inatoa volti saba na ushee, kwa hiyo kinachomwagwa ni kidogo."

"Na hakuna isiyomwaga?"

"Ipo. Hiyo inafungua na kufunga bomba haraka haraka, huoni hata. Haichemki. Lakini zile za bei ya chini zinapiga kelele kwenye risiva, rimoti inasikika vibaya. Kwa seli mbili nikaona ya kumwaga inatosha, imetulia."

Nikampikia chai ya pili. Macho yake yamefunguka kidogo.

Jumamosi, 28 Machi

Mvua mpaka mfereji umepanda kizingiti. Tumechota maji kwa beseni. Kapteni duka lake liko juu, halikuingia hata tone. Hata mvua ina upendeleo.

Ijumaa, 3 Aprili

Leo sikushona. Mteja wa gauni la sendoff akinilaani na anilaani.

Asubuhi Fundi alipanga vile vimota vinne juu ya meza yangu ya kukatia, risiva hapa, regyuleta ile ile pale, betri ya seli mbili. Akanipa rimoti. "Chezesha yote kwa pamoja, usipumzike. Chezesha kama Kapteni anavyorusha." Ah, hiyo naijua! Kapteni anatikisa rimoti kama mtu anayefukuza nzi. Basi nikatikisa. Vimota vinalia zii zii zii. Fundi akaweka kidole juu ya regyuleta. Vuguvugu tu. Nikatikisa mpaka mabega yakauma, bado vuguvugu.

Akakuna kidevu. Akasema, "Ile siku ndege ilipanda wima mno. Nilishangaa. Betri yangu haina nguvu ile."

Akatoa betri nyingine kwenye kabati. Seli tatu, volti kumi na moja na ushee. Akachomeka. Regyuleta ile ile. Nikatikisa tena. Dakika hazikufika nyingi Fundi akaweka kidole akakivuta, "Ssss!" kama amegusa pasi yangu. Nikacheka, Mungu anisamehe, nikaendelea kutikisa. Mara vimota vyote, kimya. Nikatikisa, kimya. Ni kama unaongea na mtu, katikati ya maneno akafa.

"Nimeharibu?" nikauliza.

"Usiguse kitu," akasema. Tukakaa tunaitazama ile meza. Mvua inapiga bati. Regyuleta ikapoa. Halafu, sijagusa chochote zaidi ya rimoti, kimota cha mkia, zii. Vyote vikafufuka, vikawa vizima kabisa, kama havijawahi kuugua.

Mume wangu akavua miwani. "Ndiyo maana walipopima, umeme ulikuwa mzima. Mpaka wanafika kule mwisho wa uwanja, imeshapoa. Na Mwenyekiti alichomeka betri yake ya seli mbili. Huyu mtu alibadili betri, mama watoto. Alitaka mbio, akaweka seli tatu, regyuleta akaiacha ile ile. Ndoo ikawa pipa, na kikombe ni kile kile."

"Na pipa akalitia mfukoni!"

Nilishashika khanga. Nilikuwa niende nikasimame mbele ya duka la rangi nitangaze mpaka makopo yapasuke. Akanishika mkono. "Utathibitisha nini? Watasema Fundi kapika mambo mezani kwake. Betri aliyoirusha ameiona nani?"

Hakuna. Umeiona mfuko wake tu.

Jumapili, 5 Aprili

Nimemwomba Fundi aende kwenye kikao aseme. Hataki. "Simshtaki mtu kwa kuhisi." Tumenuniana. Chakula nimemwekea na sufuria yake, ajipakulie.

Jumatano, 8 Aprili

Nimepata dawa. Tena haina uongo hata punje.

Mke wa Kapteni alikuja kupima gauni. Huyu namwita Mama Manukato kwa sababu harufu yake inabisha hodi kabla yake. Simpendi. Anaongea kama anahesabu maneno, anakaa kwenye kiti changu kana kwamba kitamchafua, na wala hajawahi kunipa umbea hata wa kuku. Mwanamke asiyesema kitu, ama ni mjinga ama anajiona.

Nikiwa na pini mdomoni nikauliza, "Kapteni mvua imemfungia ndani, maskini."

"Anajenga ndege mpya. Yaani ameinunua imejengwa, anachagua betri tu. Anataka airushe Jumapili ya kwanza ya jua, mbele ya watu wote."

"Betri gani?"

"Seli tatu. Sasa anahangaika na kile kidude kingine. Meza ya kulia chakula imejaa waya."

Hapo moyo wangu ukaruka. Maana mimi namjua Kapteni. Fundi akisema kulia, Kapteni anakwenda kushoto hata kama kushoto kuna shimo. Basi nikasema kweli tupu, polepole, huku nakunja pindo. "Mume wangu anasema, mtu akiweka seli tatu asithubutu regyuleta ya kumwaga. Inachemka, inazima, ndege inafia juu, na chini ukiipima ni nzima kwa sababu imeshapoa. Aweke ile ya kufungua na kufunga, na aiweke mbali na risiva. Mwambie Kapteni, umwambie kabisa ni Fundi amesema."

Akanitazama kwenye kioo. "Ni Fundi amesema."

"Fundi mwenyewe."

Akitajiwa jina hilo tu atanunua ile ya kumwaga, tena kubwa kuliko zote. Na siku hiyo mimi nitakaa mstari wa mbele na mwavuli wangu.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimeimba kutwa. Fundi ananiuliza nimekula nini.

Jumatano, 15 Aprili

Mvua. Nimeota Kapteni anapigilia msumari, anakosea, anajigonga kidole. Nimeamka nacheka.

Jumanne, 21 Aprili

Nimekasirika mpaka nimeshona mkono wa kushoto kulia.

Mama Manukato amekuja kuchukua gauni. Nikamuuliza kama mtu asiyejali, "Kapteni alipata kile kidude?"

"Alipata. Ile ya kufungua na kufunga. Ameiweka mbali na risiva."

Nusura nimeze pini. "Amekubali maneno ya Fundi?"

"Sikumwambia ni ya Fundi. Nilimwambia nimesikia kwa yule anayeagiza vifaa vya ndege. Ningemwambia ni Fundi, angefanya kinyume."

"Si ndiyo..." nikajikamata ulimi.

"Dada," akasema, anakunja gauni lake taratibu, "ndege ikianguka, wewe utarudi kwako utacheka. Mimi ndiye nitakayelala naye na hasira zile."

Kumbe anajua! Ameniona mpaka utumbo. Akaondoka na harufu yake. Mimi nimebaki na mkono wa gauni la watu umegeuzwa, na adui yangu nimemtengenezea ndege mwenyewe, bure, kwa akili ya mume wangu. Fundi simwambii.

Alhamisi, 30 Aprili

Mvua bado. Simtaki mtu.

Ijumaa, 8 Mei

Nimekutana na Mama Manukato sokoni. Nikapita kama sikumwona. Akasema nyuma yangu, "Siku ya kurusha usikose." Kejeli hiyo! Sikugeuka.

Jumapili, 17 Mei

Chakula kitasubiri, naandika kwanza.

Jua limetoka tangu asubuhi, majani ya uwanja yanameremeta. Nilikuwa nimeapa siendi. Fundi akavaa shati la pasi akasema, "Mtu asijifiche kwa kosa asilotenda." Basi nikaenda, nimejifunga khanga mbili kama naenda vitani. Tukakaa mwisho wa benchi, chini ya ule ukuta. Jina la mume wangu juu ya kichwa chake. Watu wanasalimia, macho yanaruka kwenye kibati.

Kapteni akaja na ndege nyekundu, inang'aa, na miwani ya jua. Akarusha. Nisiwe mwongo, ilipaa vizuri. Ilipanda wima, ikapinduka, ikapita chini karibu na nyasi kama mbayuwayu. Anatikisa rimoti kama anafukuza nzi na haizimi, haichoki. Mimi naiombea mabaya kila ikigeuka. Nilisema moyoni, anguka, anguka, anguka we mwana haramu. Ikatua kama jani.

Makofi! Watu wakamzunguka. Kapteni akapanda juu ya kreti ya soda, akavua miwani. Mtu huyu akipigiwa makofi ni sawa na pipa lililotobolewa, yote yanatoka.

"Siri ni umeme, ndugu zangu! Watu wanachukua betri kubwa wanadhani wamemaliza. Regyuleta! Ile ya kumwaga ukiipa seli tatu, inachemka kama sufuria, inazima, ndege inafia juu. Chini utaipima, nzima! Kwa sababu imeshapoa! Mpaka uwe mtaalamu kuyajua haya."

Fundi pembeni yangu akanigeukia. Ni maneno yake, neno kwa neno, yametoka mezani kwangu.

Mwenyekiti, mzee wa posta mstaafu, akauliza kwa upole wake, "Haya ya kuzima na kupoa umeyasikia au umeyaona?"

Na hapo, kutoka nyuma ya umati, sauti moja laini, "Mume wangu, usijinyime sifa. Waambie kwamba umeona kwa macho yako."

Mama Manukato. Ameshika mkoba kwa mikono miwili, uso mtulivu kama wa mtu anayenunua nyanya.

"Nimeona!" Kapteni akapiga kifua. "Mimi sisimuliwi. Ile ndege ya kwanza niliweka seli tatu, ikapanda kama roketi, halafu nikaona vimota vyote kwa mpigo..."

Akatazama watu. Hakuna aliyekuwa anapiga makofi tena.

Mwenyekiti akauliza, "Fundi alikupa betri ya seli ngapi?"

Kapteni akaanza kushuka kwenye kreti.

"Seli mbili," mume wangu akasema. Hakusimama hata. "Mbili tu."

Yule jamaa wa duka la vioo akapasuka, "Na ile betri uliyoitia mfukoni ukatuambia moto, moto! Ilikuwa ngapi?"

Weee! Nilisimama, khanga moja ikaanguka, sikuiokota. Nikasema, "Jibu Kapteni! Kibanda cha kuku kinauliza!"

Kura ilipigwa papo hapo, mikono yote juu, na safari hii Mwenyekiti alinyoosha wa kwanza. Jina la mume wangu likang'olewa. La Kapteni likaandikwa kwa rangi ya dukani kwake mwenyewe, na nyundo akapewa yeye. Alipigilia misumari miwili. Wa kwanza ulipinda. Nilitazama yote, sikupepesa.

Nilimfuata Mama Manukato kule kwenye bomba. Nikamwambia nilimdhania vibaya. Akanawa mikono, akasema, "Miaka yote ananiambia mbele ya wateja kwamba siwezi kutofautisha rangi na maji. Wewe ulitaka ndege ianguke. Ndege ina kosa gani? Mimi nilitaka aanguke yeye, na akiwa juu anapigiwa makofi ndiyo anaanguka kutoka mbali."

"Na hasira zake usiku?"

"Atalala dukani. Nimeshambebea godoro."

Mimi najiita mjanja wa mtaa. Pale nilikuwa mwanafunzi wa chekechea.

Jumatatu, 18 Mei

Jamaa wa vioo alifika mapema kabla sijafagia. Amerudisha kazi yake ya ndege. Fundi amechagua betri na kidude chake tayari, yuko nyuma anakata mbao, anapiga mluzi. Mluzi wake mbaya, lakini nauacha.

Asubuhi aliniomba jambo. "Jina langu limetoka, inatosha. Yule mtu ana watoto wanaosoma na wa kwetu. Usimtangaze, mama watoto. Niahidi."

Nikaahidi. Ni mume wangu, hajawahi kuniomba kitu kigumu. Nimefunga mdomo tangu asubuhi. Wateja watatu wameingia, wanazunguka zunguka, wanauliza bei za vitu ambavyo siuzi, nawajibu "mia kwa mita" na kuinama kwenye cherehani. Mwili unaniwasha. Lakini ahadi ni ahadi, na mimi leo nitamwonyesha Fundi kwamba mke wake anaweza kukaa na neno ndani mpaka lioze, hata kama watakuja na

Mama Manukato yuko dirishani, anagonga kioo kwa pete. Saluni nzima ya jirani iko nje nyuma yake, wengine wana rola kichwani. Anasema, "Mama Vifungo, toka upesi! Nimewasimulia nimefika kwenye volti nimekwama, wanasema naongopa. Mbili zinatoa ngapi na tatu zinatoa ngapi?"

Sasa hapo mtu anasaidia hesabu tu, si kutangaza. Naja, naja, msianze bila mimi